Falsafa Humfanya Nini Mkristo Anayeisoma?

Kijana wa Kisauni au Changamwe, hapa Mombasa, akipata nafasi ya chuo kikuu, Jumapili ya mwisho kabla ya safari huitwa mbele ya kanisa aombewe, na mara nyingi andiko atakalofungashiwa ni Wakolosai 2:8: "Angalieni mtu asiwafanye mateka kwa elimu yake ya bure na madanganyo matupu." Ni onyo zuri. Ila wachache wanajua kwamba hapo penye "elimu yake ya bure", neno la Kigiriki lililoandikwa ni philosophia. Watafsiri wa Union Version, ile Biblia ya Kiswahili iliyozoeleka, waliamua kulifafanua badala ya kuliacha lilivyo. Wakafanya karibu vivyo hivyo katika Matendo 17:18, ambako wanafalsafa wa Kiepikureo na wa Kistoiko wanaitwa tu "wenye ujuzi". Kwa hiyo mtu anaweza kuisoma Biblia ya Kiswahili kutoka Mwanzo hadi Ufunuo asijue kwamba falsafa imetajwa humo.

Asijue pia kwamba katika sura hiyo hiyo ya 17, mstari wa 28, Paulo anawanukulia Waathene shairi lao wenyewe: "Maana sisi sote tu wazao wake." Maneno hayo ni ya Aratus, mshairi wa Kigiriki aliyefuata Wastoiko, na aliyekuwa akisifiwa humo ni Zeus, mungu mkuu wa Wagiriki. Paulo aliyachukua akayapeleka kwa Mungu wa Ibrahimu bila kuomba radhi. Falsafa haikuingia kanisani juzi kupitia mlango wa nyuma. Ilikuwa sebuleni tangu mwanzo, wakati mwingine ikikaribishwa na wakati mwingine ikitazamwa kwa jicho la pembeni.

Sasa, humfanya nini anayeisoma? Mombasa utasikia majibu mawili: inaua imani, au inafungua macho. Yote mawili yanadhani falsafa ina mwelekeo mmoja, kama upepo wa kusi. Haina. Inachofanya ni kufumua. Ukristo wa mtu aliyelelewa kanisani humjia kama furushi: ndani mna madai kuhusu ulimwengu, mna kumtegemea Mungu, mna nyimbo za kwaya, hofu ya jehanamu, heshima kwa mama, na mazoea ya Krismasi. Falsafa hulifungua furushi na kuuliza kila kitu kimesimama juu ya nini. Anayegundua kwamba kitu kimoja hakina miguu hudhani furushi zima limekwisha, na hapo ndipo ajali nyingi hutokea. Nyingine hutokea kwa sababu nyepesi zaidi: mtu kasoma nusu ya hoja akaondoka.

Mwafrika aliyegeuka zaidi ya mara moja

Mfano bora ni Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika Algeria ya leo. Watawa wenye jina lake walikuwa na nyumba hapa Mombasa tangu mwishoni mwa karne ya 16, Fort Jesus ikiwa bado mpya, kwa hiyo si mgeni kabisa wa mji huu.

Akiwa na miaka 18 alisoma kitabu cha Cicero, mwandishi wa Kirumi, kiitwacho Hortensius, ambacho leo kimepotea. Kilimwasha moyo autafute ukweli. Akaikimbilia Biblia, akaiona lugha yake duni mno mbele ya Kilatini cha Cicero, akaiweka kando. Hapo falsafa ilimtoa. Akaingia kwa Wamanikeo akakaa nao kama miaka 9, kwa kuwa walikuwa na jibu rahisi kuhusu uovu: kuna nguvu mbili, ya nuru na ya giza, zinapigana. Alipomhoji kiongozi wao Faustus kuhusu mambo ya nyota, akaona mtu ana ulimi mtamu lakini hajui. Falsafa ikamtoa tena, safari hii kutoka kwa Wamanikeo, ikampeleka kwa wenye shaka waliosema hakuna linalojulikana kwa hakika.

Huko Milano, askofu Ambrose alimfundisha kusoma Agano la Kale bila kushikilia kila neno kwa juu juu: "andiko huua, bali roho huhuisha." Kisha, mnamo 386, akapata vitabu vya wafuasi wa Plato, mwanafalsafa wa Kigiriki, vilivyotafsiriwa kwa Kilatini. Katika sehemu ya saba, au "kitabu cha saba", ya Maungamo, simulizi la maisha yake, anaeleza kwa usahihi wa mhasibu alichokikuta humo na asichokikuta. Alikuta kwamba hapo mwanzo kulikuwako Neno. Hakukuta kwamba Neno alifanyika mwili. Alibatizwa Pasaka ya 387.

Kile alichochukua kwa wafuasi wa Plato kilimsaidia kuachana na giza la Wamanikeo: uovu si kitu chenye kuwepo kwake, ni upungufu wa wema. Fundi wa majahazi angemwelewa upesi. Tundu kwenye mbao si kitu. Ni mahali ambapo mbao haipo. Hata hivyo huzamisha chombo. Wanaolipinga wazo hili kwa kusema "basi Augustino anadai uovu haupo" hawajamsoma.

Kuamini kwamba, na kumwamini

Kiswahili kina zawadi hapa ambayo lugha nyingine huitafuta kwa shida. Amini, imani, amana, amani na mwaminifu ni maneno ya shina moja la Kiarabu. Tunasema "naamini kwamba feri itachelewa", na tunasema "namwamini mama". La kwanza ni dai: lina ukweli au uongo, linahitaji ushahidi. La pili ni kujikabidhi, kama unavyoweka amana kwa mtu. Mstari wa Waebrania 11:1 unazigusa pande zote mbili, "hakika" na "yatarajiwayo". Sehemu kubwa ya ugomvi kati ya wasomi na waumini hutoka kwa mmoja kuzungumzia "kwamba" na mwenzake kuzungumzia "m-".

William Clifford, mwanahisabati wa London, alilishughulikia lile la kwanza mwaka 1877, na mfano wake ungeeleweka kwenye Bandari ya Kale bila mkalimani. Mwenye chombo anajua chombo chake kimezeeka, kimetengenezwa mara nyingi, huenda hakifai kusafiri. Shaka inamsumbua. Anajiambia kimekwisha kwenda safari ngapi na kurudi, na Mungu atawalinda hao abiria wanaohama na jamaa zao. Anajituliza mpaka anaamini kwa moyo safi. Chombo kinazama, yeye anachukua bima. Clifford anasema ana hatia, na kauli yake nzito ndiyo inayofuata: hata kama chombo kingefika salama angekuwa na hatia ile ile, kwa kuwa hakuwa na haki ya kuamini alichoamini kwa ushahidi aliokuwa nao. Clifford mwenyewe aliwahi kunusurika meli ilipoharibikia karibu na Sicily mwaka 1870, kwa hiyo hakuwa akicheza na maneno.

Msomaji Mkristo akifika hapa hutetemeka, na ni sawa atetemeke. Lakini asikimbie bado. Kanuni ya Clifford inasema ni kosa siku zote, kila mahali, kwa yeyote, kuamini jambo bila ushahidi wa kutosha. Iulize kanuni yenyewe: una ushahidi gani wa kutosha? Kisha soma jibu la William James, mwanafalsafa wa Marekani, la 1896, asemaye kuna machaguo ambayo ni hai, hayaepukiki na ni mazito, na ambayo ushahidi hauwezi kuyaamua. Kungoja nako ni kuchagua. James hatoi ruhusa ya kuamini lolote upendalo, ingawa ndivyo anavyohubiriwa. Ruhusa yake ina masharti hayo yote, na likikosekana moja haipo.

Kifungu kimoja cha Thoma, polepole

Wengi "wanazijua" njia tano za Thoma wa Akwino za kuonyesha kwamba Mungu yupo kutoka kwenye muhtasari wa nusu ukurasa. Afadhali kusoma kifungu chenyewe: kitabu chake kikuu, Summa, sehemu ya kwanza, swali la 2, kifungu cha 3. Ni kirefu kiasi cha kurasa mbili au tatu.

Kinaanza na pingamizi, si na hoja yake. La kwanza: kama kingekuwepo kitu chenye wema usio na mpaka, uovu usingepatikana, lakini unapatikana. La pili: kila tunachokiona kinaelezwa na maumbile au na utashi wa binadamu, kwa hiyo hakuna haja ya Mungu. Mtawa wa karne ya 13 ameanza na yale yale ambayo vijana wa leo huyaona kama ugunduzi wa intaneti. Kisha anaweka neno la kupinga pingamizi hizo, Kutoka 3:14, "MIMI NIKO AMBAYE NIKO". Ndipo zinakuja njia tano, kisha majibu kwa pingamizi moja moja. Jibu la uovu anamwazima Augustino: Mungu asingeruhusu uovu kama asingekuwa na uwezo wa kutoa wema hata ndani yake.

Makosa mawili hutokea hapa kila mara. La kwanza ni lile swali la "na nani alimuumba Mungu?" Thoma hakusema kila kitu kina chanzo. Alisema kila kinachosukumwa kinasukumwa na kingine, na mlolongo huo hauwezi kuning'inia hewani. La pili ni kudhani anazungumzia mwanzo wa ulimwengu. Hapana, katika swali la 46 anasema wazi kwamba ulimwengu ulianza ni jambo la imani, akili peke yake haiwezi kulithibitisha. Hoja ya mwanzo wa ulimwengu ilikuzwa zaidi na wanakalamu, wanatheolojia wa Kiislamu, na mwanazuoni al-Ghazali aliiweka vizuri. Ukimsikia mhubiri wa Kikristo akiitumia jukwaani, ujue huenda ameazima kwa jirani.

Mabadiliko yanayotokea kwa msomaji wa Thoma si yale anayoyategemea. Anakuja akitaka uthibitisho, anaondoka na Mungu mwingine kichwani. Mungu wa Thoma si kitu kimoja zaidi kwenye orodha ya vitu, mkubwa kuliko vingine. Ndiye anayefanya kuwe na orodha. Wapo wanaoona sala imekuwa ngumu baada ya hapo, maana walizoea kumwomba kama tajiri wa mtaa. Wapo wanaopumua. Uchambuzi wa Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani, wa 1781 unafaa kufuata: anadai njia zote za namna hii mwishowe zinaegemea kosa moja, la kuuhesabu "kuwepo" kama sifa. Akubalike au akataliwe, lakini asirukwe.

Uovu: kauli tatu, na mbili zilizofichwa

Hapa ndipo panapohitaji karatasi. Andika: Mungu anaweza yote. Mungu ni mwema kabisa. Uovu upo. J. L. Mackie, mwanafalsafa wa Australia, katika makala ya 1955 yenye kurasa 13 tu, alisema huwezi kuzishika zote tatu bila kujipinga. Tazama vizuri. Kauli hizo tatu peke yake hazigongani. Mackie alilijua hilo, akaongeza mbili: kwamba aliye mwema huondoa uovu kadiri awezavyo, na kwamba awezaye yote uwezo wake hauna mpaka. Mjadala wote uliofuata umekaa juu ya hizo mbili. Aliyesoma muhtasari hazioni, hivyo hajui pa kushika. Anaona tu kwamba ameshindwa.

Alvin Plantinga, mwanafalsafa Mkristo wa Marekani, alijibu, na kitabu chake kifupi cha 1974 ndicho cha kusoma. Anasema: yawezekana kwamba hata Mwenyezi hawezi kuumba watu huru kwa kweli na papo hapo akahakikisha kuwa hawatakosa, maana kuhakikisha ni kuwanyang'anya uhuru. Kama jambo hilo linawezekana tu, mgongano umekufa. Kamba yake ni fupi kwa makusudi. Anaita kazi yake utetezi, si maelezo. Hadai kujua kwa nini mtoto fulani alikufa. Ukiuchukua utetezi huo ukaupeleka matangani kama faraja, umeutumia vibaya, na wafiwa watakuchukia kwa haki.

Sasa ulete nyumbani. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipinduka Mtongwe, watu 272 wakafa. Ilikuwa imejaza watu kupita kiasi. Utashi huru unaweza kusema kitu hapo: mikono ya binadamu ilikuwemo. Lakini tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, Lisbon ilitetemeka asubuhi watu wakiwa kanisani, na mtetemeko wa ardhi hauna utashi wa kulaumiwa. Plantinga anajibu kwamba yawezekana uovu wa maumbile unatokana na matendo huru ya roho zisizo za binadamu. Msomaji wa Ulaya hucheka hapo. Msomaji wa Mombasa, aliyekulia kati ya mapepo ya kanisani na majini ya mtaani, hacheki upesi, na wakati mwingine hukubali upesi mno. Wote wawili wamekosa shabaha: hoja haihitaji roho hizo ziwepo, inahitaji zisiwe jambo lisilowezekana.

Ndipo William Rowe, mwanafalsafa wa Marekani, mwaka 1979, akabadilisha swali. Hakusema tena mambo yanagongana. Alimweka mwana-paa msituni, moto umemuunguza, anateseka siku kadhaa peke yake mpaka anakufa, hakuna anayemwona, hakuna anayejifunza lolote. Je, si jambo la akili kuamini kwamba angalau mateso mengine kama hayo hayana faida? Jibu la kawaida ni la kitabu cha Ayubu, sura ya 38: ulikuwa wapi nilipoiweka misingi ya nchi? Kutoiona sababu si ushahidi kwamba haipo. Ni jibu lenye nguvu, lakini lina bei ambayo wahubiri hawaitaji. Ikiwa hatuwezi kabisa kukisia sababu za Mungu kuruhusu jambo, tunajuaje hana sababu tusiyoijua ya kutotimiza ahadi? Anayetumia ngao hii lazima ajue inafunika pande zote mbili.

Kitu kimoja hakinusuriki kwa yeyote aliyeusoma mjadala huu kwa uangalifu, muumini au asiye muumini: mahubiri ya "panda mbegu, uvune gari". Marafiki wa Ayubu walihubiri jambo la ukoo huo huo, kwamba anayeteseka kuna alichokosa, na katika Ayubu 42:7 Mungu anawaambia hawakunena yaliyo sawa. Falsafa haikuhitajika kwa hilo. Imesaidia tu watu kulisoma.

Miujiza, kwa kifupi

Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, katika sehemu ya 10 ya kitabu chake cha 1748, hakusema muujiza hauwezekani. Alisema ushuhuda hautoshi kuuthibitisha isipokuwa uongo wa ushuhuda huo ungekuwa muujiza mkubwa zaidi. Ni swali la mizani. Watu wa Mombasa wanaijua kazi hii kwa jina jingine, maana madrasani wanafunzi hufundishwa kuuliza isnadi: nani alisimulia, kutoka kwa nani, alikuwepo, kumbukumbu yake ilikuwaje. Mkristo anayetazama bango la mkutano wa uponyaji aulize hivyo hivyo: mgonjwa ni nani, aliponywa nini, hospitali ilisema nini kabla na baada. Hume ana kombora jingine linalouma zaidi katika mji wa dini nyingi: miujiza ya dini zinazopingana hubatilishana. Jibu lipo, kwamba si kila muujiza unadai dini nzima ni ya kweli, lakini aliyeishi na majirani wa dini moja tu hajawahi kulihitaji.

Nafsi tatu kwenye mhadhara

Kwenye mihadhara ya barabarani kati ya Waislamu na Wakristo, swali la Utatu ndilo linalokusanya watu. Moja jumlisha moja jumlisha moja ni tatu, umati unashangilia, Mkristo anajibu kwa mfano wa maji, barafu na mvuke, ambao kwa bahati mbaya ni uzushi uliokataliwa na kanisa lake mwenyewe karne ya 3, maana unamfanya Mungu mmoja abadilishe sura tatu.

Tatizo ni maneno. Mtaguso wa Nikea wa 325 ulitumia neno la Kigiriki lisilomo katika Biblia, homoousios, ambalo Wakatoliki wanaposali Kanuni ya Imani hulitamka "mwenye umungu mmoja na Baba". Wakati huo maneno ousia na hypostasis yalitumika karibu kwa maana moja. Yalitenganishwa baadaye katika karne hiyo hiyo ya 4, moja likashika kile kilicho kimoja na jingine kile kilicho tatu. Walatini walisema persona. Sisi tukasema nafsi, na leo nafsi kwa msikilizaji wa kawaida ni roho ya mtu, dhati yake, kwa hiyo anasikia miungu watatu. Lakini Kiswahili kinalo pia lile nafsi la sarufi: nafsi ya kwanza, ya pili, ya tatu, mimi, wewe, yeye. Na Tertullian wa Kartago, aliyelizoesha kanisa la Kilatini neno persona, alijenga sehemu ya hoja yake hapo hapo: katika Maandiko yupo anenaye, yupo anayeambiwa, yupo anayetajwa. Mwalimu wa Kiswahili wa darasa la sita angelieleza vizuri kuliko mfano wa barafu.

Hata hivyo Augustino anakiri katika kitabu chake kuhusu Utatu kwamba tunasema "nafsi tatu" si kwa sababu neno linatosha, bali ili tusinyamaze. Na huo mhadhara wa Mombasa ulikwisha kufanyika Baghdad. Al-Kindi, mwanafalsafa Mwislamu wa karne ya 9, aliupinga Utatu kwa kutumia mantiki ya Aristotle. Katika karne ya 10 Yahya ibn Adi, Mkristo na mwanafunzi wa al-Farabi, akamjibu kwa Kiarabu na kwa mantiki hiyo hiyo. Hakuna aliyehitaji kipaza sauti.

Mungu wa nani?

Kuna mlango mwingine ambao orodha za Ulaya hazina. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Okot p'Bitek wa Uganda alieleza jinsi mwaka 1911 wamisionari wa Kiitalia walivyowauliza wazee wa Kiacholi nani aliwaumba. Kiluo, lugha yao, hakikuwa na neno la kuumba pasipo kitu, swali likageuka kuwa nani aliwafinyanga. Wazee wakasema hawajui. Waliposisitiziwa, mmoja akakumbuka kwamba mtu akipinda mgongo husemwa amefinyangwa na Rubanga. Wamisionari wakafurahi. Jina la pepo wa kibyongo likawa jina la Mungu Muumba.

Msomaji wa Pwani huanza kukagua maneno yake mwenyewe. Warabai na Wagiriama walikuwa wakisema Mulungu kabla wamisionari Krapf na Rebmann hawajaanzisha kituo cha Rabai mwaka 1846. Dhambi, neema, rehema, nafsi, roho, imani, hata injili: Ukristo wa Kiswahili unazungumza kwa maneno yaliyokwisha kukomaa katika Uislamu. Wapo wanaotikiswa na jambo hili. Lakini chanzo cha neno hakiamui ukweli wa kauli, kama vile chanzo cha imani ya mtu hakiiamui. Frere Town ilianzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, na familia nyingi zimerithi kanisa kwa njia hiyo. Anayewaambia "ninyi ni Wakristo kwa sababu ya historia tu" ametaja chanzo, hajataja sababu. Na anayejibu "ndiyo maana ni kweli" naye hajataja sababu.

John Mbiti, padre wa Kianglikana kutoka Kitui, alitumia maneno yetu mawili, Sasa na Zamani, katika kitabu chake cha 1969, akidai kwamba kwa Mwafrika wakati ujao karibu haupo. Kama ni kweli, mafundisho ya siku ya mwisho yalikuwa mageni kabisa. Ushahidi wake mkuu ulitoka kwa lugha ya Kikamba na Kikikuyu. Msomaji wa Kiswahili ana haki ya kuinua mkono: tuna kesho, keshokutwa, mtondo na mtondogoo. Huenda Mbiti angejibu kwamba siku nne tano si umilele, na hapo mjadala ndipo unapoanza kuwa mtamu.

Namna ya kusoma bila kuumia

Anza na Euthyphro ya Plato, mazungumzo mafupi yanayosomeka jioni moja, yenye swali ambalo halijazeeka: jema ni jema kwa kuwa Mungu amelipenda, au amelipenda kwa kuwa ni jema? Kisha Maungamo, kitabu cha saba na cha nane. Kisha kile kifungu cha Thoma, na sehemu ya 10 na ya 11 ya mazungumzo ya Hume kuhusu dini ya asili. Vyote vimepitwa na hakimiliki kwa maandishi ya asili na kwa tafsiri nyingi za zamani. Vinapatikana bure mtandaoni, na saibakafe itakuchapia.

Nietzsche, mwanafalsafa wa Ujerumani, aje baadaye. Ile "Mungu amekufa" ya 1882 husemwa na mwendawazimu mwenye taa sokoni mchana, na wanaomcheka pale ni watu wasioamini Mungu. Anawashtaki wao kwamba hawajaelewa walichofanya. Anayemsoma wa kwanza, kwenye picha ya simu, humfanya kibwagizo.

Kurasa mbili au tatu kwa saa ni mwendo mzuri mwanzoni. Andika kila hoja kwa kauli zenye namba, uweke alama kwenye ile unayoikataa. Kama hukatai hata moja, huoni pengo kati yake na hitimisho, na bado hulikubali hitimisho, kosa liko kwako, rudi nyuma. Usibadilishe msimamo wiki uliyokutana na hoja. Soma jibu lake bora kwanza, kutoka kwa mtu aliyeliamini.

Msome watatu au wanne, na mmoja asiwe wa kanisa lenu. Jirani Mwislamu aje na kitabu cha al-Ghazali kinachoeleza namna alivyotoka kwenye shaka, yule aliyeacha kiti chake cha ualimu Baghdad mwaka 1095 baada ya ulimi kumkatalia darasani. Al-Ghazali anasema hoja peke yake hazikumponya ule ugonjwa wa shaka. Ilikuwa nuru aliyoitia Mungu kifuani. Kiwekeni kando ya kitabu cha nane cha Maungamo, kwenye bustani ya Milano alikogeuka Augustino, na mwulizane ni katika mstari gani kila mmoja aliacha kubishana, na kama alikuwa na haki ya kuacha pale.